Kupima umri wa mishipa Kisumu na Nakuru: mashine ipi inastahili pesa yako

Karatasi ya majibu inasema mishipa yako ina miaka 61, nawe una miaka 47. Kabla ya kuingiwa na hofu, na kabla ya kulipia chupa ya vidonge vya kuirudisha mishipa ujanani, muulize aliyekupima jambo moja: je, mashine imepima muda ambao wimbi la mapigo lilitumia kusafiri kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine, au imekadiria tu kwa kutumia umri ulioutaja? Nyingi zinakadiria. Chache zinapima. Bei haikuonyeshi tofauti, na karatasi zote hutoka zimepakwa kijani, njano na nyekundu.

Hapa tunapitia aina tano za vipimo ambavyo mtu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega au Eldoret anaweza kuuziwa kwa jina la umri wa mishipa. Tunaanza na fimbo ya chuma ya kwenye hema na kumalizia na kipimo cha shingo na kinena, ambacho watafiti hukitumia kupimia ubora wa vingine vyote.

Kinachotafutwa ni kasi ya wimbi

Moyo ukipiga, msukumo wake hupita kwenye kuta za mishipa kama wimbi, upesi kuliko damu yenyewe inavyotembea. Kamba ya kuanikia nguo ikikazwa, mtikiso hukimbia hadi mwisho mara moja. Ikilegea, mtikiso unajikokota. Mishipa iko hivyo hivyo. Laini hupitisha wimbi polepole, iliyokakamaa hulipitisha kwa kasi, na kasi hiyo huandikwa kwa mita kwa sekunde.

Mshipa unaohusika hasa ni aota, ule mkubwa unaotoka moyoni. Ukuta wake una nyuzi za elastini zinazotanuka na kurudi kila pigo. Mwili huzitengeneza zaidi utotoni, na mtu mzima hapati nyingine za maana. Sasa piga hesabu: mapigo 70 kwa dakika ni mara 100,800 kwa siku, karibu milioni 37 kwa mwaka. Nyuzi zinachoka na kukatika, mzigo unahamia kwenye kolajeni ambayo ni ngumu zaidi, na kalsiamu inaanza kujikusanya ukutani. Presha ya juu huharakisha uchakavu huo. Sukari ikikaa juu miaka mingi, hushika nyuzi za kolajeni na kuzifunga pamoja. Figo zikiugua, kalsiamu huongezeka. Ndiyo maana ugumu wa aota unachukuliwa kuwa dalili ya uzee wa mwili wenyewe, si wa miaka ya kitambulisho.

Lakini mishipa ya mkono ina misuli mingi na elastini kidogo, na umri hauikakamazi kwa kiasi kile. Aota inaweza kuzeeka sana huku mshipa wa mkono ukibaki karibu kama ulivyokuwa. Kipimo kinachoishia kidoleni au mkononi tu kinasoma sehemu isiyozeeka kwa namna hiyo, na hapo ndipo mashine nyingi zinapopotoka.

Fimbo ya chuma: usilipe

Unashika fimbo kiganjani kwa dakika moja hivi, na kompyuta inatoa kurasa kadhaa: ini, figo, vitamini, mifupa, na mstari mmoja wa unyumbufu wa mishipa. Fimbo hiyo haina mkanda wa presha wala mwanga wa kusoma damu, na haigusi sehemu mbili za mwili kiasi cha kupata muda wa wimbi. Kabla ya kuanza, programu huuliza umri, jinsia, urefu na uzito wako, na majibu hujengwa juu ya hayo. Hakuna njia ya kimwili ambayo chuma kilichoshikwa mkononi kingeweza kujua ugumu wa aota. Mara nyingi anayepima ndiye pia anayeuza dawa za lishe zilizopangwa mezani, na hilo peke yake litoshe kukuondoa kwenye kiti.

Kibanio cha kidole

Hiki angalau kinapima kitu. Mwanga hupita kidoleni, kihisi kinasoma damu inavyojaa na kupungua, na umbo la wimbi linatokea kwenye skrini: kilele cha kwanza, kisha bega dogo au kilele cha pili. Programu huchukua urefu wa mtu na kuugawa kwa muda kati ya vilele hivyo viwili, au huchambua namna wimbi linavyoongeza kasi.

Taabu ni kwamba kidole ni mwisho wa safari. Mishipa yake midogo hubana na kufunguka kwa sababu nyingi zisizohusiana na aota. Asubuhi ya Julai huko Nakuru, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, vidole huwa baridi, mishipa imebana na wimbi ni dogo. Kisumu saa nane mchana, baada ya kutoka soko la Kibuye kwa miguu, mishipa ya ngozi imefunguka yote na umbo la wimbi limebadilika. Mtu ni yule yule, aota ni ile ile, namba mbili tofauti. Hina na rangi ya kucha huzuia mwanga. Ngozi nyeusi hunyonya sehemu ya mwanga, kwa hiyo kihisi cha bei rahisi hupata ishara dhaifu. Kwa wazee na wenye kisukari, kilele cha pili mara nyingi hakionekani kabisa, na programu hulazimika kubahatisha kilipo. Yaani mashine inashindwa kwa watu wale wale wanaoihitaji zaidi.

Ukiamua kupimwa hivyo, pasha mikono joto, keti kimya dakika tano au zaidi, na uombe kuona wimbi lenyewe kabla ya namba. Mawimbi kumi mfululizo yawe na umbo moja. Yakirukaruka, namba iliyo chini yake haina maana. Hatuoni sababu ya kulipia zaidi ya udadisi.

Mkanda wa mkono unaotoa umri

Hapa watu wengi waangalifu wanadanganyika, kwa sababu mashine ni nzuri. Inafanana na ya presha ya kawaida: mkanda unajaa, unashikilia kwa sekunde kadhaa, kisha unaachia. Inatoa presha, mapigo, na pia kasi ya wimbi, kwa mfano mita 8.9 kwa sekunde. Presha yake inaweza kuwa sahihi kabisa. Kasi ndiyo ya kuulizwa.

Mkanda mmoja uko sehemu moja, na muda wa safari unahitaji sehemu mbili. Baadhi ya mashine hizi hutafuta ndani ya wimbi moja alama ya mwangwi unaorudi kutoka sehemu ya chini ya mwili, kisha hukadiria umbali. Nyingine huingiza umri wako na namba ya juu ya presha yako kwenye fomula, na umbo la wimbi huongeza kidogo tu. Aina hii ya pili itampa karibu kila mtu mwenye miaka 60 kasi ya mtu wa miaka 60, na itaipandisha ikiwa presha iko juu. Si uongo mtupu, kwa sababu umri na presha ndivyo vitu viwili vinavyoeleza kasi kwa kiasi kikubwa. Ila haikuambii chochote ambacho hukukijua ulipoingia: umri wako na presha yako.

Kuna jaribio rahisi. Omba upimwe mara mbili bila kusogea, mara ya kwanza na umri wako halisi, mara ya pili mhudumu akiingiza umri uliozidi kwa miaka 20. Kama presha zimekaribiana lakini kasi imepanda sana, basi namba inatoka kwenye kibodi. Mhudumu anayeifahamu mashine yake hatakasirika kwa ombi hilo.

Uamuzi wetu: ukipimwa kwa mashine hii, chukua presha uiandike na uache umri wa mishipa hapo mezani.

Mkono na kifundo cha mguu

Hiki ni kipimo cha kweli. Unalala chali, mikanda minne inafungwa mikononi na juu ya vifundo vya miguu, na kwa baadhi ya mashine vihisi vya umeme wa moyo huwekwa kwenye vifundo vya mikono na kihisi cha sauti kifuani. Kimeenea sana Japani. Inachukua dakika chache na huvui nguo nyingi.

Tahadhari ya kwanza ni namba. Wimbi linapita aota pamoja na mishipa migumu ya miguu, kwa hiyo kasi huwa kubwa kuliko ile ya shingo na kinena. Mtu mwenye mita 13 kwa sekunde kwa kipimo hiki hana sababu ya kutishwa na mpaka wa mita 10 aliousoma kwingine. Kwa mkono na kifundo, chini ya 14 ni salama kwa kawaida, na 18 kwenda juu ndipo hatari huhesabiwa kuwa kubwa. Zipo pia mashine zinazotoa kipimo kisicho na mita wala sekunde, kinachoitwa CAVI, kilichoundwa ili presha ya dakika ile isikivuruge sana: chini ya 8 ni kawaida, 8 hadi 9 ni mpakani, 9 na zaidi ni ugumu.

Ya pili inasahaulika hata na wahudumu. Mashine hiyo hiyo hutoa uwiano wa presha ya kifundo kwa presha ya mkono. Uwiano ukiwa 0.90 au chini, mshipa wa mguu umeziba kwa kiasi, na wimbi linalofika kifundoni limechelewa na kudhoofika. Kasi basi itaonekana ndogo na mgonjwa ataambiwa mishipa yake ni michanga, ilhali mguu una tatizo linalohitaji daktari. Soma uwiano kwanza. Ukiwa chini ya mpaka huo, puuza kasi. Kwa mvutaji sigara na mwenye kisukari, uwiano huo pekee unatosha kulipia kipimo.

Shingo na kinena

Kihisi kimoja kwenye mshipa wa shingo, kingine kwenye kinena, upande wa kulia. Kati yao ni aota karibu yote. Mashine zinazojulikana kwa kazi hii ni kama Complior ya Ufaransa na SphygmoCor ya Australia. Ni vifaa vya wataalamu wa moyo, figo na utafiti, kwa hiyo anza kwa kuuliza kwenye kliniki ya moyo ya hospitali kubwa ya rufaa, si kwenye duka la dawa.

Makosa hapa hayatoki kwenye kompyuta, yanatoka kwenye utepe. Tuseme kutoka shingo hadi kinena ni sentimita 62 kwa mstari ulionyooka. Wimbi halisafiri urefu huo wote, kwa sababu wakati linapanda shingoni, jingine tayari linashuka, kwa hiyo kanuni ya mwaka 2012 inataka umbali uzidishwe kwa 0.8. Hapo ni sentimita 49.6. Muda ukiwa milisekunde 70, kasi ni mita 7.1 kwa sekunde. Mhudumu akisahau 0.8, anapata 8.9. Akiupitisha utepe wa fundi wa nguo juu ya kitambi na kusoma sentimita 68, hata akizidisha vizuri anapata 7.8. Mtu yule yule, sekunde ile ile, na mishipa imezeeshwa kwa utepe. Kwa mwenye tumbo, umbali upimwe kwa rula ndefu iliyonyooka hewani, isifuate mkunjo wa mwili. Karatasi nzuri huandika umbali na muda, si kasi pekee. Isipoandika, omba.

Mpaka wa hatari ni mita 10 kwa sekunde. Karatasi za zamani zinataja 12. Huo ulikuwa mpaka wa mwaka 2007, kabla ya 0.8 kuingia, na ukizidisha 12 kwa 0.8 unapata 9.6, karibu 10 ya sasa.

Maandalizi yanabadilisha namba kuliko watu wanavyodhani. Usile, usinywe chai wala kahawa, na usivute sigara kwa muda wa saa 3 kabla. Pombe, iwe bia au busaa, iwe imepita saa 10. Miraa na muguka hupandisha presha na mapigo, kwa hiyo viache siku hiyo. Lala chali dakika 10 kabla ya kuanza, bila kuongea na bila kusinzia. Chumba kiwe na utulivu na joto la nyuzi 22 hivi. Kwa Kisumu hilo ni kusema chukua nafasi ya asubuhi mapema. Beba leso ya kujifunika na uombe pazia, maana kinena ni kinena, na una haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yako. Presha ipimwe wakati huo huo na iandikwe kando ya kasi, kwa sababu presha ikipanda kasi nayo hupanda hata kama ukuta wa mshipa haujabadilika.

Kipimo kifanywe mara mbili. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya mita 0.5 kwa sekunde, kinapigwa cha tatu na inachukuliwa namba ya katikati. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, namba haiaminiki. Na mhudumu asibonyeze pande zote mbili za shingo kwa pamoja hata siku moja.

Kutoka kasi hadi umri

Meza inayotumika sana ilitolewa mwaka 2010 kutokana na watu wa nchi 8 za Ulaya. Kwa wasio na presha wala hatari nyingine, wastani ni mita 6.2 kwa sekunde chini ya miaka 30, 6.5 kwa miaka ya thelathini, 7.2 kwa arobaini, 8.3 kwa hamsini, 10.3 kwa sitini, na 10.9 kuanzia 70. Ukiwa na miaka 45 na kasi ya 8.3, mashine inakuambia mishipa yako imefika hamsini na kitu.

Meza hiyo hiyo ina safu nyingine ambayo karatasi za rangi huiacha nje: upana. Kwa miaka ya arobaini, watu wenye afya wanaanzia 4.6 hadi 9.8. Kwa hamsini, 4.5 hadi 12.1. Mwenye 8.3 akiwa na miaka 45 yuko ndani kabisa ya watu wa rika lake. Kumwambia mishipa yake imemzidi kwa miaka kumi ni kuchukua wastani na kuusoma kama mpaka. Na kwa kuwa meza haikujengwa kwa watu wa Kano, Bungoma au Molo, ichukuliwe kama mwelekeo tu.

Kasi yenyewe, hata hivyo, ina uzito. Muungano wa tafiti 17 uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kila mita 1 kwa sekunde inayoongezeka huambatana na ongezeko la asilimia 14 la matukio ya moyo na mishipa, hata baada ya umri na sababu nyingine kuhesabiwa. Kipimo kilichofanywa vizuri kinamsaidia daktari hasa kwa mgonjwa wa mpakani, ambaye haijulikani aanze dawa au la. Kwa ambaye tayari ana presha ya 170, hakibadilishi lolote: dawa anazihitaji.

Tofauti iliyo chini ya mita 1 kati ya vipimo viwili isichukuliwe kuwa nafuu wala hasara. Ukuta wa mshipa hubadilika kwa miezi na miaka, kwa kudhibiti presha, kupunguza chumvi na uzito, kutembea kwa kasi mara kwa mara na kuacha sigara. Anayekupima leo ukiwa umetoka juani kwa haraka, akakuuzia vidonge, kisha akakupima tena baada ya wiki ukiwa umetulia, amepima utulivu wako na kuuita dawa. Na usiache dawa ya presha kwa sababu ya karatasi kama hiyo.

Kama una shilingi elfu chache tu

Nunua mashine ya presha ya mkono wa juu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha karibu robo ya Wakenya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima wote hawakuwa wamewahi kupimwa. Kumuuzia mtu kama huyo umri wa mishipa kabla ya presha ni kumkosea. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine ya presha mwaka 2023, kwa hiyo anza na wa kijiji au mtaa wako.

Mashine ya nyumbani pia inakupa dalili ya ugumu bila malipo ya ziada. Toa namba ya chini ya presha kutoka ile ya juu. Aota laini hupokea pigo na kulipunguza makali. Aota ngumu huiacha namba ya juu ipande na ya chini ishuke. Mzee mwenye 148 kwa 72 ana tofauti ya 76. Kwa aliyepita miaka 60, tofauti ya 60 na zaidi ni dalili ya aota iliyokakamaa, ingawa upungufu wa damu, tezi ya shingo na vali ya moyo inayovuja huleta hali kama hiyo, kwa hiyo daktari aangalie.

Pima asubuhi mara mbili na jioni mara mbili kwa siku 7, tupa namba za siku ya kwanza, kisha tafuta wastani. 135 kwa 85 na kuendelea ni presha ya juu kwa kipimo cha nyumbani. Ukipata 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kupooza upande au kuona ukungu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mkono uwe mtupu, umelazwa mezani usawa wa moyo. Kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu 8 kwenye presha. Miguu isipishanishwe na kibofu kiwe kitupu.

Dukani, chagua aina iliyo kwenye orodha ya STRIDE BP ya mashine zilizothibitishwa, inayosomeka bure kwenye intaneti. Pima mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko kabla ya kulipa. Mkanda mwingi wa kawaida ni wa sentimita 22 hadi 32, na mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo hutoa presha ya juu isiyokuwepo. Kisha washa mashine hapo hapo uisikilize. Mkanda ukivuja, pampu inaendelea kukoroma huku namba haipandi.